Namna ya kueleza umbo la mdudu kimia ambaye bado hana jina

Washa taa ya nje pale Gede, pwani ya Kenya, mwezi wa Mei, masika ikiwa imepumzika kidogo, na baada ya saa moja ukuta utakuwa umejaa wageni. Kuna nondo, kumbikumbi na mende wa kila aina. Pembeni kabisa, ametulia peke yake, utamwona mdudu mwembamba wa kijani asiyezidi upana wa kidole gumba. Mabawa yake manne ameyalaza juu ya mgongo kama paa la makuti, na macho yanang'aa dhahabu.

Mimi humwita mdudu kimia, kwa sababu mabawa yake ni kimia kitupu, kama wavu wa kutupa au ukingo wa pazia. Wataalamu humweka katika oda ya Neuroptera, na hawa wa kijani ni wa familia ya Chrysopidae, ambayo ina spishi zaidi ya 1,200 zinazojulikana duniani. Msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa hapa nyuma ya nyumba zetu, una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Siku moja mtu wa huku atamshika mmoja ambaye hayumo kwenye orodha yoyote. Nimeandika mwongozo huu ili siku hiyo asikwame.

Mdudu mpya hathibitishwi kwa uzuri wake wala kwa mshangao wa aliyemwona. Anathibitishwa na maneno: umeeleza mwili wake kwa namna ambayo mtu wa mbali, asiyewahi kumwona, anaweza kumtambua miongoni mwa ndugu zake mia. Kazi hiyo haihitaji mtu wa ajabu. Tangu 1993 wanavijiji wanaozunguka msitu huu wanafuga vipepeo na kuuza pupa (vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda) nchi za nje kupitia mradi wa Kipepeo. Mikono inayoweza kushika pupa bila kuiumiza inaweza pia kutandaza bawa la mdudu kimia.

Kabla hujamgusa, mpige picha

Kijani chake hakidumu. Akikauka kwenye pini au akilowekwa kwenye pombe, anageuka manjano ya jani kavu, na ile dhahabu ya macho inazimika na kuwa nyeusi. Kwa hiyo rangi ziandikwe angali hai. Piga picha ya uso kwa mbele, kichwa kwa ubavu, mgongo kwa juu na bawa zima, ukiweka rula karibu. Ukimshika akatoa harufu mbaya, iandike nayo, kwani baadhi yao wana tezi za uvundo kwenye sehemu ya mbele ya kifua.

Picha pekee ina uwezo wake na ina mpaka wake. Mwaka 2011 mpigapicha wa Malaysia aliweka mtandaoni picha ya mdudu kimia mwenye alama nyeusi na buluu kwenye mashina ya mabawa. Mtaalamu aliyekuwa California akaiona, akagundua kwamba hamjui. Hata hivyo hakuna aliyempa jina kwa kutazama picha. Ilibidi mpigapicha arudi msituni amkamate mwingine, mdudu huyo apelekwe London kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, achunguzwe kiungo kwa kiungo. Ndipo mwaka 2012 akatangazwa kwa jina la Semachrysa jade. Picha iliamsha watu, lakini mwili ndio uliotoa ushahidi.

Kibali, chupa na lebo

Ndani ya Arabuko-Sokoke huokoti mdudu kwa sababu tu umezaliwa Mijomboni. Pata leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na ruhusa za KWS (shirika la wanyamapori) na KFS (shirika la misitu) kwanza. Bila karatasi hizo kazi yako yote inaweza kukataliwa, hata kama mdudu ni mpya kweli.

Tandika shuka jeupe, weka taa mbele yake, na umnase mdudu kwa chupa ndogo iliyo wazi. Usimshike kwa vidole, maana mabawa yanachanika. Tia kipande cha karatasi ya shashi ndani ya chupa na umlaze kwenye friza usiku kucha. Asubuhi, kabla viungo havijakakamaa, mchome pini katikati ya kifua, kulia kidogo, na umtandaze mabawa kwenye kibao. Mguu mmoja uukate na kuuweka kwenye pombe kali kabisa kwa ajili ya DNA. Mdudu mmoja hatoshi. Tafuta madume na majike, watano au zaidi ukiwapata, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na kasoro yake binafsi ukaidhania ni alama ya spishi.

Kisha lebo. Hapa nina kidonda changu. Wadudu wa msimu wangu wa kwanza niliwaandikia lebo kwa kalamu ya kawaida ya wino na kuzizamisha kwenye pombe. Baada ya wiki mbili karatasi zilikuwa nyeupe. Wadudu kumi na tisa wakabaki bila mahali na bila tarehe, yaani bila faida yoyote kwa sayansi. Tumia penseli, au wino mweusi usioyeyuka, na uandike yote: Kenya, Kaunti ya Kilifi, Gede, 3°18′S 40°01′E, tarehe, njia (taa au wavu), mti au mazao ya karibu, jina la aliyemkamata. "Malindi" peke yake haitoshi, kwani Malindi ni kubwa.

Unyevu wetu wa baharini nao ni adui. Ukungu hushika mdudu kwa siku tatu, na sisimizi wadogo humaliza fumbatio (tumbo) lote usiku mmoja. Miguu ya meza iwekwe ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa juu, na sanduku lifungwe vizuri, na nafthalini ndani.

Ni wa ukoo gani?

Hili lisikuchukue muda. Kama vipapasio ni vifupi na vina rungu nchani, huyo ni umbo la utu uzima la yule mdudu anayechimba shimo la faneli mchangani, si wako. Kama miguu ya mbele inakunjika kama ya vunjajungu, ni Mantispidae. Kama ni mdogo sana na amejipaka unga mweupe, ni Coniopterygidae. Kama ni wa kahawia, na vile vijivena (mishipa midogo) vya ukingo wa mbele wa bawa vimegawanyika panda, huenda ni Hemerobiidae. Vikiwa vimenyooka bila panda, na vipapasio ni virefu kama uzi, uko kwenye Chrysopidae.

Kichwa

Sasa mweke chini ya hadubini inayokuza mara 10 hadi 40, yenye rula ndogo ndani ya lenzi ya jicho. Fuata mpangilio ule ule kwa kila mdudu: kichwa, kifua, miguu, mabawa, fumbatio. Ukirukaruka utasahau kitu.

Kwenye kichwa eleza utosi, paji la uso, mashavu na kibamba kilicho juu ya mdomo, kila kimoja na rangi yake. Tazama hasa shavu. Wengi wana mstari mwekundu au mweusi unaoshuka kutoka chini ya jicho hadi kona ya mdomo, na mstari huo mwembamba mara nyingi ndio unaotenga spishi moja na jirani yake. Andika unaanzia wapi, unaishia wapi, umekatika au haukukatika. Kuandika "ana alama usoni" si kueleza.

Pima kipapasio na ukilinganishe na bawa la mbele. Kifupi? Sawa? Kimezidi? Pingili yake ya kwanza, ile nene, ina mstari pembeni au haina? Kisha taya: fungua kwa sindano uone kama la kulia na la kushoto yanafanana au moja lina jino ambalo jingine halina.

Kifua na miguu

Sehemu ya mbele ya kifua, ile inayofanana na shingo pana, ipime urefu na upana. Andika nywele zake ni nyeupe au nyeusi, na kama kuna mstari wa manjano unaopita katikati ya mgongo, ambao ni alama ya kawaida ya jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Chrysoperla. Kwenye miguu tazama kucha za mwisho: shina la ukucha limetanuka kama ndoana yenye tumbo, au ni jembamba tu? Basi. Nyayo zina pingili tano kwa wote, hakuna haja ya kulisifia hilo.

Mabawa

Hapa kaa. Nilipokuwa bado najifunza, mjomba wangu, mvuvi wa Mayungu, alikuja kuniona nikiwa na bawa chini ya lenzi. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, huu wavu macho yake mangapi, na kamba ya juu ni ipi?" Hakuna swali bora kuliko hilo. Mvuvi hasemi ana wavu, halafu akanyamaza. Anakwambia ukubwa wa jicho, kamba ya juu, kamba ya chini, na mahali uliposhonwa. Lieleze bawa hivyo hivyo.

Kamba za wavu huu ni vena, na majina yake yanafuata mfumo wa wataalamu wa wadudu Comstock na Needham wa mwaka 1898. Kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma utakuta kosta (C), sabukosta (Sc), radiasi (R), media (M), kubitasi (Cu) na anali (A). Kati ya kamba hizo ndefu zimepitishwa vena fupi za kukatiza, na nafasi inayobaki katikati ndiyo jicho la wavu, ambalo sisi huliita seli. Kwa Chrysopidae kuna utata mmoja wa kuzoea: vipande vya vena tofauti huungana vikafanya mistari miwili mirefu inayopita katikati ya bawa, ikadhaniwa ni media na kubitasi halisi. Huitwa media bandia na kubitasi bandia. Zifuate kwa sindano kutoka shinani, polepole, usije ukaita kitu kwa jina la jirani yake.

Seli moja ina uzito kuliko zote, seli ya ndani ya media, iliyo karibu na shina la bawa la mbele. Je, ina pembe tatu au nne? Vena ya kwanza ya kukatiza inayotoka kwenye tawi la radiasi inaigusa, au inapita mbele yake? Chora. Kisha hesabu vena za ngazi, zile fupi zilizojipanga kama vidato kuelekea ncha ya bawa, kwa kawaida safu mbili, ya ndani na ya nje. Huandikwa kwa tarakimu, kwa mfano 5/7. Hesabu bawa la kulia, hesabu na la kushoto. Mara nyingi hazilingani, na hilo si kosa lako. Andika kiwango cha chini na cha juu kwa wadudu wote ulio nao. Andika pia vena zipi ni za kijani tupu, zipi nyeusi, na zipi nyeusi kwenye ncha tu. Mwisho ni doa la ukingoni karibu na ncha: lina rangi au limefifia?

Usiondoke kwenye bawa la mbele kabla hujaligeuza. Kwenye shina lake, upande wa chini, kwa wengi wa familia hii radiasi imevimba kama mshipa wa mkono uliofungwa kamba, na sehemu ya chini ya uvimbe huo ni utando mwembamba. Ni sikio. Kwa hilo mdudu kimia husikia sauti ya juu ya popo anayewinda, sauti ambayo sisi hatuipati, kisha hukunja mabawa na kujiangusha gizani kama jiwe. Mara ya kwanza kuliona nilinyanyua kichwa nikatazama nje, ambako popo walikuwa wakikatiza juu ya mbuyu, na nikaelewa kwa nini wadudu wangu wengine huanguka ghafla kabla ya kufika kwenye shuka. Si spishi zote zilizo na sikio hili, kwa hiyo andika: lipo, au halipo.

Fumbatio na sehemu za uzazi

Bila hatua hii kazi yako haijakamilika, hata michoro ya mabawa iwe mizuri vipi. Spishi mbili zinaweza kulingana uso, mabawa na rangi, zikatofautiana kabisa ndani ya ncha ya fumbatio la dume.

Kata pingili za mwisho kwa mkasi mdogo. Tengeneza myeyusho wa potasiamu hidroksaidi wa asilimia 10: tia chembe kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chembe, na vaa miwani na glavu, maana dawa hii hula ngozi na jicho. Loweka kipande usiku kucha, au kiweke kwenye bomba la kioo ndani ya maji ya moto kwa dakika chache ukikiangalia. Nyama itayeyuka ibaki ganda. Suuza kwa maji, tia matone mawili ya siki kuua ukali wa dawa, suuza tena, kisha hamishia kwenye gliserini. Viungo vya ndani havina rangi, na bila dawa ya kutia rangi utaviona kama kioo ndani ya maji, kwa hiyo rangi nyeusi ya klorazoli ni msaada mkubwa.

Kwanza, nje, ubavuni mwa ncha, kuna kiduara chenye nywele ndefu laini za kuhisi. Zihesabu. Ndani ya dume kuna gonarkasi, kiungo kigumu kilichopinda kama tao. Kwa wengine limechongoka juu kama matao ya kasri la magofu ya Gede, kwa wengine limelala bapa. Chini ya tao hutokeza arkesasi, na nchani mwake angalia kama ni ndoana, panda au msumari. Kuna pia vipande vingine vigumu vya ndani, gonapsi na tignumu, ambavyo kwa jenasi fulani havipo kabisa. Kutokuwepo kwake ni sifa, iandikwe. Kwa jike, chora mfuko wa mbegu na mrija wake.

Geuza kipande na uchore kwa ubavu, kwa juu na kwa chini, kila mchoro na mstari wa kipimo. Ukimaliza, kitie kwenye kichupa kidogo chenye gliserini na ukichome kwenye pini ile ile ya mdudu wake. Kikipotezana na mwenyewe, kimekufa mara ya pili.

Na umbo lina mwisho wake. Chrysoperla carnea ilidhaniwa miaka mingi kuwa spishi moja, mpaka zilipochunguzwa nyimbo zao, yaani mtetemo wa fumbatio ambao dume na jike hupashana kupitia jani. Ikaonekana ni kundi la spishi nyingi. Ule mguu uliouweka kwenye pombe unaweza kukusaidia hapo.

Mayai na lava

Ukiweza kupata mayai, utakuwa umefanya zaidi ya wengi. Tazama chini ya majani ya mwembe wenye vidukari: mayai husimama kila moja juu ya uzi mwembamba, kama vichwa vya pini. Fuga lava (mtoto anayetoka kwenye yai) kila mmoja kwenye chupa yake, kwa sababu hulana. Kila mmoja hupitia hatua tatu na kujivua ngozi kati yake. Eleza mataya, ambayo yamepinda kama mundu na yana mfereji wa kunyonyea. Eleza vinundu na nywele za mgongoni, na kama hubeba takataka na maganda ya mawindo juu yake.

Kulinganisha na kuandika

Kabla ya kusema ni mpya, pitia spishi zote za jenasi hiyo zilizoelezwa Afrika. Utakutana mara nyingi na jina la Longinos Navás, padri Mhispania aliyefariki mwaka 1938, aliyetaja wadudu wengi mno kwa maelezo mafupi. Majina yake mengi baadaye yalionekana kuwa ya mdudu mmoja. Kwa hiyo linganisha na vielelezo vyenyewe, au picha zake kutoka makumbusho, si na maandishi peke yake.

Andika kwa ufupi, bila sifa tupu. Kwa mfano wa kubuni:

"Kichwa manjano-kijani; shavu lina mstari mmoja mwekundu usiokatika, kutoka chini ya jicho hadi kona ya mdomo; utosi bila doa. Bawa la mbele mm 12.4 (11.8–13.0, wadudu 7), vena za ngazi 5/7, mara chache 4/7, seli ya ndani ya media ina pembe tatu."

Juu ya maelezo marefu weka aya fupi ya utambuzi: sifa tatu au nne tu zinazomtenga na ndugu zake wa karibu, ukiwataja kwa jina. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo la mwaka 1999, zinataka uteue holotaipu, mdudu mmoja anayebeba jina, na useme amehifadhiwa wapi. Ukichapisha kwa njia ya elektroniki tu, sajili kazi yako ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Jina liandikwe kwa herufi za Kilatini, lakini maelezo hayakulazimishwa lugha moja. Kanuni hizo zinashauri utambuzi utolewe kwa lugha zinazotumika sana katika elimu ya wanyama, na pia kwa lugha za mahali mdudu anakotoka. Basi weka aya ya Kiswahili kando ya ile ya Kiingereza, na usiombe radhi. Usimpe mdudu jina lako mwenyewe. Mahali panatosha, kama sokokensis.

Holotaipu hupewa lebo nyekundu, na makao yake yanayofaa ni Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ukimpeleka kwa basi kutoka Malindi, sanduku lisiwekwe buti wala kwenye kichanja cha juu, maana matuta yatavunja vipapasio. Zungushia pini kuu pini nyingine nne ili asizunguke, tia sanduku ndani ya boksi kubwa lenye pamba pande zote, na ulipakate mpaka Nairobi.